Njia ya Mikwajuni: Jinsi Tulivyoipoteza na Jinsi Tulivyoitafuta

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, katika masika yaliyopita tulimzika mzee mmoja katika kijiji tulichozaliwa, upande wa kusini wa pwani yetu. Tulimswalia baada ya Alasiri, kisha tukalibeba jeneza kuelekea makaburini. Ukinyoosha kamba kutoka msikiti ule hadi makaburi yale, haitimii kilomita moja. Lakini siku hiyo tulitembea karibu kilomita tatu. Tulitoka hadi barabara ya lami, tukaufuata ukingo wake huku malori yakitupita na kutupigia honi, tukazizunguka kuta za watu, ndipo tukayaingia makaburi kwa upande wa nyuma. Mvua ilikuwa ikinyesha, na wabebaji walipokezana mara nyingi. Tulipomaliza kufukia, jua lilikuwa likielekea kuchwa, wakati ambao Sharia haipendi tuzike.

Usiku ule, katika nyumba ya matanga, bibi mmoja mkongwe alituita mlangoni. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, kisha akatuuliza: “Mwanangu Maalim, mbona leo mmechelewa hivyo? Kwani hamkupita Mikwajuni?”

Tukamwuliza Mikwajuni ni wapi.

Akatutazama kitambo. “Njia ya Mikwajuni, mwanangu. Mama yako akipita pale nawe uko mgongoni.”

Tuliona haya kubwa. Kwa miaka mingi tumewasomesha watoto safari ya Hijra kutoka Makka hadi Madina, kituo baada ya kituo, ilhali njia aliyotubebea mama yetu hatukuijua hata kwa jina. Tukaazimia kuitafuta. Makala haya ni khabari ya utafutaji huo. Tumeyaandika kwa sababu tunaamini kwamba karibu kila kijiji cha pwani kina Mikwajuni yake, na kwamba wanaoijua wanazidi kupungua.

Waliyoyakumbuka kina mama

Tulianza kwa wazee wanaume, kama ilivyo ada. Walitupokea kwa hisani, lakini mazungumzo yao aghalabu yaliishia katika mashamba: hili lilikuwa la fulani, lile alirithi fulani, hapa palikuwa na kesi. Kuhusu njia yenyewe walikhitilafiana. Mmoja alisema ilipita juu ya kisima, mwengine chini yake, na wa tatu akakana kwamba kulikuwa na njia yoyote.

Ndipo tukamtuma binti yetu aende kwa mabibi na daftari lake, kwa kuwa yako mambo ambayo wanawake huyaeleza wao kwa wao kwa utulivu zaidi. Aliketi na watano, kila mmoja nyumbani kwake na kwa siku yake, ili asije mmoja akayafuata maneno ya mwenzake. Aliporejea tulistaajabu, kwani maelezo yote matano yalikubaliana.

Njia ilianzia nyuma ya msikiti, ubavuni mwa birika la kutawadhia. Ikapita baina ya nyua mbili za minyaa, mpaka penye mbuyu uliopigiliwa vigingi ambavyo wavulana walivipanda kuchuma mabuyu. Kutoka hapo ikashuka kisimani. Baada ya kisima ilipita chini ya mikwaju saba, ndiyo asili ya jina lake, kisha ikagawika: mkono mmoja makaburini, mkono wa pili baharini.

Sababu ya kina mama kuijua kuliko waume zao si ngumu kuifahamu. Kabla ya mfereji kufika kijijini, maji yote ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia yalichotwa kisimani kwa ndoo na mitungi, asubuhi na jioni. Mwanamke aliyeolewa pale aliipita njia ile maelfu ya mara. Aliipendelea pia kwa kuwa ilikuwa ya faragha, mbali na mabaraza ya wanaume na macho ya wapita njia. Mkunga aliitumia usiku, kandili mkononi. Watoto waliipita kwenda chuoni na juzuu zao. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, wanawake walishukia huko kutafuta chaza na pweza wa kitoweo. Bibi mmoja alimwambia binti yetu kwamba aliingia kijijini kwa njia hiyo akiwa biharusi, na kwamba mpaka leo akifumba macho anaweza kuihesabu mikwaju yote saba.

Iliyoyahifadhi ardhi

Tukiwa na daftari hilo, tuliondoka asubuhi ya Jumamosi pamoja na wanetu wawili na panga la kufyekea. Sehemu ya kwanza hatukupata taabu. Minyaa ya pande zote mbili ingalipo, ingawa imeota kama msitu, na katikati yake pana upenyo usiolimwa. Kipindi cha masika maji ya mvua huteremka pale pale, kwa kuwa miguu ya watu wa zamani iliichimba ardhi ikawa kama bonde jembamba. Mbuyu nao umesimama. Vigingi vimeoza, lakini matundu yake katika gome bado yanahesabika.

Hatua chache baada ya mbuyu tulikutana na ukuta wa matofali ya matumbawe, mrefu kuliko mtu. Tuliomba ruhusa kwa mlinzi, naye akatuingiza kwa wema. Ndani tulikiona kisima. Ukingo wake wa jiwe una mikwaruzo mirefu iliyochimbwa na kamba za ndoo, na mengine ya mikwaruzo hiyo inaingia kidole kizima. Tulitia vidole vyetu humo tukanyamaza, kwani kati ya kamba hizo imo ya mama yetu. Mikwaju miwili tu ndiyo iliyobaki. Pale ilipokuwa mingine pamejengwa nyumba.

Tuliwaonyesha vijana kwamba hivi ndivyo njia ya kale inavyotafutwa. Huifuati kwa udongo peke yake, bali kwa vitu ambavyo watu waliviwekea njia: kisima, ua wa minyaa, miti ya kivuli iliyopandwa kwa mstari, makaburi, magofu ya msikiti. Palipo na kisima pana njia inayokiendea, na msikiti wa kale haukujengwa pasipo na watu wa kuufikia.

Yaliyoandikwa katika karatasi

Ushahidi wa tatu tuliupata katika sanduku la marehemu ami yetu. Humo mlikuwa na nyaraka za kuuziana shamba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mtindo uliozoeleka pwani nzima. Waraka wa namna hiyo hautaji vipimo vya mita. Huutaja mpaka kwa pande nne: upande wa kibla, ambao kwetu ni kaskazini, amepakana na nani, upande wa matlai nani, na kadhalika. Katika waraka mmoja wa zamani wa shamba lile, kwa upande wa kibla hapakuandikwa jina la mtu. Palikuwa na neno moja tu: njia.

Tulitafuta pia ramani ya Serikali ya kipimo cha 1 kwa 50,000, ambayo sentimita 2 zake ni kilomita moja ya ardhi. Njia za miguu huchorwa humo kwa vistari vilivyokatika. Mikwajuni yetu, pungufu ya sentimita 2, ilikuwemo.

Hapa yafaa tukumbushe kidogo tarikh ya ardhi ya pwani. Mwaka 1895 ukanda wa maili 10, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, uliingizwa katika himaya ya Waingereza kwa mkataba. Mwaka 1908 ikapitishwa sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda huo aliwasilishe. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi wa wazee wetu walipoteza mashamba kwa kutodai, na jambo hili limeandikwa na kuzungumzwa sana. Lakini yapo mengine yasiyozungumzwa. Shamba lilikuwa na mwenyewe wa kusimama mbele ya afisa na kusema, “Hili langu.” Njia ilikuwa ya wote, na kwa hivyo hapakuwa na mmoja aliyejiona ana wajibu wa kuidai. Ilibaki hai kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba watu waliendelea kuipita.

Nani aliyeifunga?

Tunakiri kwamba tulipoanza kazi hii tulikuwa na jawabu tayari. Tuliuona ukuta, tukajua mwenye ukuta si mtu wa kwetu, tukasema: ndiye. Hata katika mazungumzo ya barazani tulikuwa tumeanza kumtaja kwa maneno yasiyofaa.

Karatasi zilitusuta. Chini ya zile nyaraka za Kiarabu kulikuwa na mkataba wa karibuni wa kuuza kipande kile, ulioandikwa kwa mashine. Wauzaji ni watu wa kijiji chetu. Mpaka wa upande wa kibla haukutajwa tena kuwa njia, ila kuwa nambari ya kiwanja. Na miongoni mwa sahihi za mashahidi tuliiona moja tunayoijua tangu utoto, kwa kuwa mwenye sahihi hiyo ndiye aliyetufundisha kuandika. Ni ya ami yetu mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe.

Hatusemi alidhulumu kwa kusudi. Wakati huo mfereji ulikuwa umekwisha kufika, na kina mama hawakwenda tena kisimani. Lami ilikuwa imepita, na matatu ziliwachukua watu. Minyaa ilikuwa imeanza kuziba upenyo. Huenda alipotazama hakuona njia, aliona kichaka. Na sisi pia tusijitoe. Tunakumbuka tuliporudi kijijini kwa Idi mwaka mmoja tukaona pale penye mbuyu pamewekwa uzio wa miti. Tulisema moyoni kwamba hilo si letu, tukaenda zetu. Baada ya uzio wa miti ukaja wa waya, na baada ya waya ukaja ukuta. Katika hatua zote tatu hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mmoja alidhani atasema mwenzake.

Haki ya njia

Dini yetu haikuiacha njia bila ya haki. Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani, na walipomweleza kuwa hawana budi na vikao vyao, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Alifundisha kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, alihukumu kwamba watu wakikhitilafiana kuhusu njia, upana wake uwekwe dhiraa saba. Dhiraa moja inakaribia nusu mita, kwa hivyo dhiraa saba ni zaidi kidogo ya mita 3. Watu wawili waliobeba mizigo wanapishana, na jeneza na wabebaji wake linapita.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameizungumzia njia katika kitabu chake Minhaj, ambacho wanavyuoni wa pwani wamekidurusi kizazi baada ya kizazi. Njia ipenyayo ni haki ya wapitaji wote, wala haifai mtu kujenga ndani yake hata baraza au kupanda mti. Njia isiyopenya ni ya wale ambao milango yao imeielekea, wala haibadilishwi ila kwa ridhaa yao. Tulikisoma kitabu hicho tukiwa vijana, tukadhani masuala haya ni ya Damascus na Baghdad. Tulipokifungua tena mwaka huu tuliona kwamba mambo hayo ameyaweka katika mlango wa sulhu, na hilo likatupa mwongozo wa namna ya kuendelea.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, inazihesabu haki za njia zilizokuwepo wakati wa usajili wa kwanza kuwa zinamfunga mwenye ardhi hata kama hazikuandikwa katika rejista. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, kifungu cha 32, inasema njia iliyotumiwa kwa amani, kwa uwazi na kama haki, bila kukatizwa kwa miaka 20, huwa haki thabiti. Na Katiba ya mwaka 2010 imeifanya ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Lakini ufuo wa umma unamfaa nini asiyekuwa na njia ya kuufikia? Mwenye shauri la namna hii na amwone wakili, kwani kila ardhi ina khabari yake.

Sulhu

Tulimwendea mwenye ukuta na daftari la binti yetu, ramani na nakala za nyaraka. Kabla ya kuzitoa tulimwomba radhi kwa yale tuliyomsema barazani. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: “Mimi nilinunua nilichoonyeshwa. Hakuna aliyeniambia habari ya njia.” Hatukuwa na la kumjibu, maana ni kweli.

Nyumba yake imesimama juu ya njia yenyewe, na kuivunja kungekuwa dhara juu ya dhara. Ufumbuzi ulikuja kutoka kwa mtu tusiyemtarajia. Mjane mmoja, mrithi katika ukoo ule ule uliouza, ana kishamba kinachopakana na ukuta kwa nje. Alipopata khabari alituma mtu atuite, akatuambia: “Waliouza ni wazee wangu. Hili ni deni lao, na mimi ndiye niliyebaki.” Akatoa wakfu ukanda wa dhiraa saba kutoka penye mbuyu hadi makaburini. Kwa mwenye minazi michache kama yeye, hicho si kitu kidogo. Mwenye ukuta naye alipoambiwa hayo, akakubali kuivunja pembe moja ya ukuta wake, kwa kuwa bila ya hivyo jeneza lisingeweza kupinda.

Waraka wa wakfu umeandikwa mbele ya mashahidi, mpima ardhi ameweka mawe yake, na sasa tunafuatilia katika ofisi ya ardhi ili njia iingie katika rejista isije ikategemea kumbukumbu zetu peke yake. Hatukurudishiwa kila kitu. Kisima na ile mikwaju miwili viko ndani ya ukuta, na mkono wa baharini bado umefungwa. Njia ya leo ina kona ambayo ya zamani haikuwa nayo. Lakini watoto wa madrasa wameanza kuipita, na wazazi wao hawana tena hofu ya malori.

Nasaha kwa wasomaji wetu

Enyi mama zetu, dada zetu na binti zetu, sehemu kubwa ya kazi hii iko mikononi mwenu. Kama nyumbani mwenu yuko bibi aliyewahi kuchota maji kisimani, kaeni naye wiki hii. Mwulizeni alipita wapi, aliona miti gani, alipumzika mahali gani, na njia iliitwaje. Andikeni kama anavyosema, pamoja na jina lake na tarehe. Kisha vijana wakaitembee njia hiyo na kuitazama ardhi.

Fungueni masanduku ya nyaraka za wazee, mumtafute anayesoma herufi za Kiarabu kabla mchwa hawajayasoma. Anayetaka kuuza kiwanja na atazame kwanza kama ndani yake mna njia ya watu, aitaje katika mkataba na mnunuzi aonyeshwe, kwani Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba atakayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba. Na atakayeona uzio wa kwanza wa miti katika njia, asinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Aseme siku hiyo hiyo, kwa upole, maana uzio wa miti unaondoka kwa maneno, na ukuta unahitaji mahakama.

Tulipomwendea yule bibi mkongwe kumpa khabari, alishukuru, kisha akauliza mikwaju imebaki mingapi. Tukamwambia miwili. Akasema: “Basi upande wenu huo mpya ipandeni mingine. Msiiweke njiani, iwekeni kando.” Tumepanda saba. Hatutarajii sisi kukaa katika kivuli chake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu ami yetu na wazee wetu wote, amlipe kheri mjane yule na mwenye ukuta, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuwafungulia watu njia wala tusiwe miongoni mwa wenye kuzifunga. Amin.

Wabillahi taufiq.